Januari ya mkulima wa tumbaku: kwa nini mtoto wa Tabora huitwa shambani shule zinapofunguliwa

Mzazi wa Urambo, Kaliua au Sikonge anayelima tumbaku hukabiliwa na mambo matatu kwa mpigo kila mwaka mpya unapoanza. Shule hufunguliwa, na mtoto anahitaji sare, viatu na madaftari, na aliyefaulu kwenda kidato cha kwanza anahitaji zaidi ya hivyo. Shamba nalo linadai palizi, linadai kukatwa vikonyo, yaani vichwa vya maua, na mwezi ukielekea kuisha majani ya chini huanza kuiva na kutaka kuchumwa yasije yakaharibika. Wakati huohuo mfukoni hamna kitu, kwa sababu fedha za msimu uliopita zimekwisha na masoko ya msimu huu hayatafunguliwa mpaka miezi kadhaa ipite. Anayetaka kuelewa kwa nini utumikishwaji wa watoto haujakoma mkoani Tabora, licha ya sheria zilizoandikwa vizuri na licha ya elimu bila ada, aanzie kwenye mwezi huo wa kwanza wa mwaka. Maelezo tuliyoyazoea, kwamba wazazi hawajui thamani ya elimu, yanamlaumu mtu ambaye mara nyingi anaijua vizuri sana, na anaumia kumwona mwanawe akiikosa.

Kabla ya kuingia shambani, ni vyema kuondoa hofu moja inayowafanya wazazi wengi waisikilize mada hii wakiwa wamekunja uso. Mtoto wa Kinyamwezi, sawa na mtoto wa Kiha ng'ambo ya Malagarasi, hukuzwa akijua kuteka maji, kutafuta kuni, kuchunga mbuzi na kumbeba mdogo wake mgongoni mama anapokuwa na kazi. Hakuna sheria ya Tanzania wala mkataba wa kimataifa unaokataza malezi hayo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unayatambua waziwazi, kwani ibara yake ya 31 inamtaja mtoto kuwa na wajibu kwa familia yake, ukiwemo wa kuwaheshimu wazazi na kuwasaidia wanapohitaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto haki ya kufanya kazi nyepesi. Kinachokatazwa ni kazi inayokula muda wa shule, kazi inayozidi nguvu za mwili unaokua, na kazi inayomweka mtoto karibu na sumu, moto au mzigo mzito.

Mipaka hiyo imeandikwa kwa namna inayopimika. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikisha miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, kwa sharti kwamba haidhuru afya na ukuaji wake wala haimzuii kuhudhuria shule. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuwekwa mgodini, kiwandani, melini kama baharia, wala mahali pengine popote penye mazingira hatarishi, na katika kutaja mahali hapo sheria imehusisha sekta isiyo rasmi na kilimo. Anayevunja masharti hayo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria ya Mtoto inaongeza kuwa kazi inayozidi saa sita kwa siku ni ya kinyonyaji, na inapiga marufuku kumwajiri mtoto kazi za usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Nyuma ya sheria hizo ipo mikataba miwili ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ambayo Tanzania imeiridhia: ule Na. 138 kuhusu umri wa chini wa kuajiriwa, mwaka 1998, na ule Na. 182 kuhusu aina mbaya zaidi za utumikishwaji wa watoto, mwaka 2001.

Upo mkanganyiko mmoja katika umri ambao huwasumbua hata watendaji. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Mtoto anayeanza shule akiwa na miaka sita ataimaliza akiwa na miaka 16. Ina maana kwamba kati ya miaka 14 na 16 mtoto anaruhusiwa kufanya kazi nyepesi na wakati huohuo analazimika kuwa shuleni. Masharti haya hayagongani iwapo neno «nyepesi» litasomwa kama sheria ilivyokusudia, yaani kazi isiyogusa mahudhurio. Yanagongana pale mwajiri anaposoma nusu ya kwanza ya kifungu, akaona namba 14, akafunga kitabu.

Kwa hiyo sheria ipo. Ugumu ni kwamba imejengwa juu ya picha ya mwajiri na mwajiriwa, ilhali sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika pasipo mwajiri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Shirika la Kazi Duniani ulikadiria kuwa watoto wapatao milioni 4.2 wa Tanzania Bara, wenye umri wa miaka 5 hadi 17, walikuwa katika utumikishwaji. Hiyo ilikuwa asilimia 28.8 ya watoto wote wa umri huo, na zaidi ya tisa katika kila kumi kati yao walikuwa kwenye kilimo, misitu na uvuvi. Duniani kote hali ni ileile: makadirio ya ILO na UNICEF ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa zaidi ya theluthi mbili ya watoto wanaotumikishwa wanafanya kazi ndani ya familia zao. Mtoto wa mgodini, binti wa kazi za ndani aliyechukuliwa Kasulu akapelekwa Dar es Salaam, na kijana anayeuza karanga stendi usiku wana haki ya kutetewa kwa nguvu zetu zote. Lakini kwa hesabu, mtoto wa kawaida anayetumikishwa nchini yuko shambani, na anayemwita kazini ni baba au mama yake mzazi.

Hapo mkono wa sheria hulegea. Ofisa kazi anakaa mjini na shamba liko porini, siku nzima ya safari kwa barabara ya vumbi au tope. Hata akifika, atamkuta mtoto amesimama kati ya wazazi wake, na hakuna mtoto atakayetoa ushahidi dhidi ya baba yake ili baba atozwe faini ambayo italipwa kwa njaa ya nyumba hiyohiyo.

Kazi yenyewe

Tumbaku ni zao linalotaka mikono kuliko karibu zao lolote linalolimwa Tabora. Vitalu vya miche hutayarishwa Septemba na Oktoba, wakati wa jua kali, na vinamwagiliwa asubuhi na jioni kwa maji ambayo mara nyingi mtu ameyabeba. Mvua za Novemba zikishika, miche huhamishiwa shambani. Kisha hufuata palizi, mbolea, kupulizia dawa, kukata vikonyo ili nguvu ya mmea irudi kwenye majani, na kung'oa machipukizi yanayotokeza baada ya kikonyo kukatwa. Majani hayaivi kwa pamoja, bali huiva kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo mchumaji hurudi kwenye mche uleule tena na tena, akichukua majani machache kila mara, mpaka Aprili.

Kwa tumbaku ya mvuke, ambayo ndiyo inayotawala mkoani, majani yaliyochumwa hufungwa kwenye vijiti na kupangwa ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, kisha moto wa kuni huwashwa na kulindwa usiku na mchana kwa takriban wiki moja. Moto ukizidi, jani linaungua, na ukipungua, linabadilika rangi na kushuka daraja. Anayelinda moto huo usiku wa kuamkia Jumatatu hawezi kuwa macho darasani Jumatatu asubuhi. Bani likishafunguliwa, majani hushushwa, huchambuliwa moja moja kwa madaraja na kufungwa marobota. Jani moja hupita mikononi mwa watu mara tano au sita kabla ya kufika mizani.

Katika mlolongo huo kuna kazi ambazo wazazi huziona kuwa stahili ya watoto kwa sababu hazihitaji nguvu nyingi, na hapa nadhani ndipo penye hatari iliyofichika zaidi. Kufunga majani kwenye vijiti hufanywa mtu akiwa ameketi kivulini. Kuchambua madaraja ni hivyohivyo. Kwa macho, ni kazi nyepesi. Lakini jani bichi la tumbaku lina nikotini ambayo hupenya kwenye ngozi, na hupenya kwa urahisi zaidi jani linapokuwa na umande au maji ya mvua. Mtu aliyeshika majani hayo kwa saa kadhaa bila kinga anaweza kupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, maumivu ya kichwa na udhaifu wa mwili, hali inayofahamika kitabibu kama ugonjwa wa tumbaku mbichi. Mwili wa mtoto ni mdogo, hivyo kiasi kilekile cha sumu humwelemea haraka zaidi kuliko mtu mzima. Wakati wa kuchambua, jani likiwa kavu, vumbi lake huingia puani na kifuani. Juu ya hayo zipo dawa za kuulia wadudu, ambazo mtoto anazigusa hata kama hajawahi kushika bomba la kupulizia, kwa sababu anashika majani yaliyopuliziwa.

Mzazi akiona mtoto ametapika jioni, husema ni malaria au amekula kitu kibaya. Katika mkoa ambao malaria ni ya kila siku, huwezi kumlaumu. Ndiyo maana naamini elimu ya afya inayotolewa kliniki na kwenye mikutano ya vijiji vya tumbaku ingepaswa kueleza dalili hizi kinagaubaga, kwa kuwa mama aliyeambiwa kwamba jani lenye umande linamdhuru mwanawe ana sababu ya kumzuia ambayo haihitaji askari wala faini.

Deni, bei na mikono

Urambo iliingia kwenye kilimo kikubwa cha biashara kupitia mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, na tumbaku ikashika nafasi katika miaka iliyofuata. Leo zao hilo linalimwa kwa mkataba. Mkulima hujiunga na chama cha ushirika cha msingi, AMCOS, na kupitia chama hicho hupokea mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, kwa makubaliano kwamba tumbaku yake itanunuliwa na kampuni iliyoingia mkataba na chama. Siku ya soko jani hupimwa, hupewa daraja, na bei ya kilo ya daraja hilo hutajwa. Mkopo hukatwa kwanza. Kinachobaki ndicho kipato cha kaya kwa mwaka mzima.

Tazama kinachohesabiwa kwa uangalifu katika mpango huo. Mifuko ya mbolea inahesabiwa. Chupa za dawa zinahesabiwa, na riba pia. Mikono itakayochuma na kuchambua, kwa sehemu kubwa, huachiwa mkulima aitafute mwenyewe, tena katika miezi ambayo hana fedha ya kumlipa kibarua. Mwenye ng'ombe atauza mmoja, na mwenye duka atachota kwenye mtaji. Asiye na kitu ana watoto. Kazi ya mtoto huyo haionekani kwenye hesabu yoyote, lakini imo ndani ya kila kilo, na kwa kuwa haikulipwa na mtu, bei ya jani inaweza kubaki chini kuliko gharama halisi ya kulizalisha.

Hilo si jambo la Tabora peke yake. Wachumi waliofuatilia kaya za mkoa wa Kagera kati ya mwaka 1991 na 1994 walikuta kuwa mavuno yanapoharibika, saa za kazi za watoto huongezeka, na kwamba kaya zilizokuwa na mali ya akiba ziliweza kwa kiasi kikubwa kuwaepusha watoto wao na ongezeko hilo. Matokeo hayo yana maana kubwa kwetu. Wazazi wale walikuwa na mila zilezile na mtazamo uleule kuhusu shule, mwaka wa mavuno mema na mwaka wa mavuno mabaya. Kilichobadilika ni hali ya ghala na mfuko. Anayesema tatizo ni utamaduni anapaswa kueleza kwa nini utamaduni unabadilika mvua zinapokatika.

Wapo pia watu ambao hawana hata shamba. Kila msimu familia kutoka vijiji vya Kigoma, na nyingine kutoka Burundi, huingia Tabora kufanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku kwa makubaliano ya kulipwa baada ya mauzo. Mwenye shamba huwapa mahali pa kulala na chakula cha kuanzia, ambacho mara nyingi nacho ni mkopo, na huwakabidhi eneo la kulihudumia. Eneo hilo hupimwa kwa nguvu ya kaya, na katika nguvu ya kaya watoto wanahesabiwa. Baba akimpeleka mtoto shule, sehemu yake ya shamba inabaki magugu, na mwisho wa msimu malipo ni pungufu. Mtoto huyu hayumo kwenye daftari la mahudhurio la shule aliyotoka, kwa sababu ameondoka, wala la shule ya kijiji alichofikia, kwa sababu hajaandikishwa. Kila mwalimu mkuu ana takwimu sahihi, na mtoto hayumo kwenye takwimu yoyote.

Kigoma kwenyewe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kalenda ni nyingine lakini mantiki ni hiyohiyo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza na kuanikwa asubuhi, kwa hiyo mwalimu wa shule iliyo karibu na mwalo wa Kibirizi au Katonga anayetaka kuelewa utoro wa wanafunzi wake hana budi kuangalia pia mwezi angani, na si tarehe za muhula pekee. Ziwa lilipofungwa kwa mara ya kwanza kupisha samaki kuzaliana, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, kaya za wavuvi zilikabiliwa na swali ambalo kaya za tumbaku hulijua kila Januari: tutaishije mpaka fedha irudi, na nani atatoka kuitafuta?

Shule kwa upande wake

Itakuwa si haki kuzungumzia shamba kana kwamba shule inamsubiri mtoto mlango ukiwa wazi, dawati likiwa tupu na mwalimu akiwa na nafasi ya kumsikiliza.

Serikali imefanya makubwa, na yasemwe. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaondolewa ya kidato cha tano na sita. Novemba 2021 ilitangazwa kwamba wanafunzi wanaokatisha masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wanaweza kurudi shuleni. Kupitia mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 wa mwaka 2021/22, vilijengwa vyumba vya madarasa 15,000, na kati ya hivyo 3,000 vilikuwa vya shule shikizi, yaani zile ndogo zinazojengwa karibu na vitongoji vilivyo mbali na shule mama. Kwa Tabora, ambako familia huhamia porini kufuata ardhi mpya na kuni za mabani, shule shikizi ina thamani kuliko jengo la ghorofa makao makuu ya wilaya.

Hata hivyo ada ilikuwa sehemu moja tu ya gharama. Sare, madaftari na chakula cha mchana vimebaki kwa mzazi, na vyote vinadaiwa Januari. Mtoto aliyefaulu kwenda sekondari ya kata iliyo mbali hulazimika kutembea alfajiri na kurudi jioni, au kupanga chumba, gheto kama wenyewe wanavyoliita, akiwa na miaka 13 au 14, bila mtu mzima wa kumwangalia. Kwa binti, chumba hicho na barabara hiyo vina hatari zake, na wazazi wanazijua. Tabora umekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ndoa za utotoni. Mahakama ya Rufani ilishikilia Oktoba 2019 kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba, lakini uamuzi wa mahakama haufupishi umbali wa kwenda shule. Binti akishaacha masomo kwa sababu ya njia, shamba humpokea, na baada ya shamba huja posa.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hulisema kwa sauti ya chini, kwa kuogopa kuonekana wajinga. Mtoto aliyekaa miaka saba darasani lenye wanafunzi wengi kupita kiasi, akatoka bila kusoma barua vizuri, amemgharimu mzazi miaka saba ya msaada wa shamba. Mzazi wa mtoto wa pili atakumbuka hilo. Kila mwalimu anayemfundisha mtoto wa darasa la pili mpaka akajua kusoma kweli anafanya kazi ya kupambana na utumikishwaji, hata kama hajawahi kuhudhuria semina ya mada hiyo.

Nini kinapunguza, na nini kinaficha

Lengo la dunia lilikuwa kukomesha utumikishwaji wa watoto ifikapo mwaka 2025. Halikufikiwa. Makadirio ya mwaka 2024 yanaonyesha watoto takriban milioni 138, kati yao milioni 54 wakiwa katika kazi hatarishi, na walio wengi wapo Afrika kusini mwa Sahara. Lakini mwaka 2000 walikuwa milioni 246, kwa hiyo si kweli kwamba hakuna kinachofanya kazi.

Njia inayovutia zaidi machoni pa wengi ni marufuku kali: shamba likikutwa na mtoto, mkataba ufutwe. Mimi naiona kuwa na madhara ikisimama peke yake, kwa sababu inamhamishia mkulima maskini gharama yote ya kosa ambalo bei imechangia kulizaa, na inamfundisha kumficha mtoto siku ya ukaguzi. Mtoto aliyefichwa yuko katika hali mbaya kuliko yule anayeonekana. Pendekezo la kubadili kalenda ya shule ifuate msimu wa tumbaku nalo halinishawishi, kwani mitihani ni ya kitaifa, mahindi na pamba vina misimu yake, na sumu ya jani haipungui kwa sababu shule zimefungwa.

Kinachogusa kiini ni kuiondoa Januari kwenye umaskini wake. Vikundi vya kuweka na kukopa vya kijijini, ambavyo vilikuwa sehemu ya mradi wa PROSPER uliotekelezwa Urambo na Sikonge kuanzia mwaka 2011, vina faida hiyo hasa: mama anagawana akiba Desemba na kununua sare kabla ya kuulizwa. AMCOS ina uwezo wa kwenda mbali zaidi, kwa kutenga ndani ya mkopo wa msimu fungu la fedha taslimu la kulipia vibarua watu wazima wakati wa kuchuma, na kwa kudai katika majadiliano ya bei kwamba gharama ya vibarua hao ihesabiwe kama mbolea inavyohesabiwa. Kampuni zinazogharamia miradi ya kuwatoa watoto mashambani, huku bei zao zikiacha mkulima asiweze kumlipa kibarua, zinapaswa kuulizwa kuhusu mgongano huo na vyama vya wakulima, na Bodi ya Tumbaku, na kila anayekaa kwenye meza ya majadiliano.

Ruzuku kwa kaya maskini inayotolewa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), ambayo hufungamanishwa na mahudhurio ya watoto shuleni, inasaidia, ingawa si kwa namna iliyonyooka. Watafiti walioichunguza hapa Tanzania walikuta mahudhurio yakiongezeka na watoto wakipungua kwenye vibarua vya nje, lakini baadhi yao wakahamia kuchunga mifugo ya nyumbani, kwa sababu kaya ilitumia fedha hizo kununua mifugo. Mtoto aliyetoka kwenye kibarua cha mtu akarudi nyumbani kuchunga mbuzi baada ya masomo amepiga hatua. Aliyehamishwa kutoka kibarua cha jirani kwenda kuchunga kutwa nzima hajapiga hatua yoyote. Tofauti hiyo huonekana pale tu anayefuatilia anapohesabu saa za mtoto, na si jina lake kwenye daftari.

Kwa waliokwisha kukosa, upo MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, wenye makundi mawili ya umri, wa miaka 11 hadi 13 na wa miaka 14 hadi 18. Ni mpango mzuri uliosahaulika. Kijana wa miaka 15 aliyetumia miaka yake kwenye mabani hatakubali kukaa darasa la tatu na watoto wa miaka tisa, na hana haja ya kudhalilishwa hivyo. Anahitaji darasa la rika lake, mwalimu anayelipwa kwa kazi hiyo, na baada ya hapo nafasi ya kujifunza ufundi.

Wajibu wa kutoa taarifa ni wa kila mtu. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi kwamba haki ya mtoto inavunjwa aiarifu serikali ya mtaa wa eneo lake, na simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116. Anayepiga simu afahamu kuwa kinachohitajika kwanza ni ofisa ustawi wa jamii kuifikia familia, na kwamba polisi wana nafasi yao pale ambapo mtoto amesafirishwa, amepigwa, ananyimwa ujira au anashikiliwa.

Kuna hatua moja ambayo inaweza kuchukuliwa msimu huu bila kusubiri bajeti ya mtu. Mwenyekiti wa kitongoji anajua kila kaya ngeni inayoingia kwenye mashamba ya eneo lake kati ya Septemba na Desemba, kwa sababu wageni huripoti kwake. Akiandika pia majina na umri wa watoto waliofuatana na kaya hizo na kuyapeleka kwa mwalimu mkuu kabla ya Januari, na mwalimu mkuu akawapokea kwa muda hata kama hawana barua ya uhamisho kutoka Kibondo au Kasulu, watoto hao watakuwa na dawati kabla jani la kwanza halijaiva. Barua inaweza kufuata baadaye, kwa simu kati ya walimu wakuu wawili. Na mwenye shamba anayepokea familia hizo aelezwe mapema, mbele ya mtendaji wa kijiji, kwamba eneo atakalowakabidhi litapimwa kwa idadi ya watu wazima peke yao.